Kabla ya kuinua tuta, uliza maji yanaelekea wapi

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikishanyesha Dar es Salaam, toka nje asubuhi uzipitie bustani za nyuma ya nyumba mtaani kwako. Utaziona za namna mbili. Moja ina maji kwenye njia zake, matuta yamesimama, mchicha umeoshwa majani na unaendelea na shughuli zake. Nyingine tuta limemeguka upande mmoja, mbegu zilizosiwa juzi zimesombwa na kurundikana kwenye kona ya ukuta, na mwenye bustani amesimama na reki mkononi akiilaani mvua. Mvua haina kosa. Imenyesha kiasi kilekile pande zote mbili za ukuta.

Kiasi chenyewe si kidogo. Jiji hili hupata wastani wa milimita 1,100 hivi za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei, nyingine wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua tuta la kawaida la nyumbani, upana mita 1.2 na urefu mita tano, yaani mita sita za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuimwaga kwa siku moja tu, inaangusha lita 300 juu ya tuta hilo pekee. Ni ndoo 15 za lita 20. Hapo hujahesabu maji ya bati, na wengi wetu tunapanga bustani chini ya paa lisilo na gata.

Kwa hiyo swali la kwanza la bustani ni hili: ndoo hizo 15 zinakwenda wapi? Mwenye jibu ametengeneza matuta. Asiye na jibu amerundika udongo.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi kila mwenye uwanja wa kuanikia nguo anataka pia matuta mawili matatu ya mboga, na maelekezo anayapata kwenye simu. Picha ni nzuri: masanduku ya mbao yaliyopigwa rangi, yamejazwa udongo mweusi hadi usawa wa goti, letusi imesimama kwa mistari. Watu wanaagiza mbao, wanamwita fundi seremala, wanajaza udongo wa kununua kwa toroli. Ikifika Januari, jua la kaskazi linaukausha udongo ule hadi unapasuka, sukuma wiki inalegea saa nne asubuhi, na mchwa wameshaanza kula sanduku kwa chini.

Wazungu wa kwenye picha zile hawakukosea kuinua udongo wao. Ulaya kaskazini udongo hutoka kwenye majira ya baridi ukiwa umelowa na umepoa kama maji ya mtungi, na mbegu haziwezi kuota humo. Ukiuinua, unakauka upesi na kupata joto mapema, mkulima anaanza msimu wiki kadhaa kabla ya jirani yake. Sisi wa pwani hatuna shida ya udongo kupoa. Tuna shida mbili zinazopokezana: maji mengi mno kwa miezi michache, kisha jua na upepo kwa miezi mingi. Tuta linalofaa Aprili linaweza kuwa adui wa mboga Septemba, katika bustani ileile, kwa mwenye nyumba yuleyule.

Sesa, tuta na makingo

Mabwana shamba wetu wanalijua hili, na wana majina yake. Kuna kulima sesa, yaani kutifua ardhi na kuiacha bapa bila kuinua wala kuzamisha. Kuna tuta la kuinua, ambalo uso wake uko juu ya njia kwa sentimita 15 au 20. Halafu kuna makingo, ambayo ni kinyume chake: eneo la kupandia liko chini, na kingo zimeinuliwa pande zote nne ili maji yakiingia yasitoke. Ukienda Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, vitunguu vinavyojaza magunia ya masoko ya miji hukuzwa kwenye vijaluba bapa vyenye kingo, maji ya mfereji yakiingizwa kimoja baada ya kingine. Eneo ni kavu, na maji yanayofika shambani yana zamu na wenyewe. Mkulima wa Mang'ola akiinua vitunguu vyake kwenye matuta marefu kama ya viazi, anayakimbiza maji aliyoyasubiri.

Uchaguzi kati ya hizi tatu unategemea mambo mawili tu, msimu na udongo. Msimu unaujua. Udongo utaujua kwa shimo moja. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana huohuo, lijaze maji, yaache yanywewe yote, kisha jaza tena na utazame saa. Maji ya pili yakiisha ndani ya dakika chache, una kichanga. Usiinue tuta, lima sesa, au kiangazi tengeneza makingo, na nguvu zako zipeleke kwenye samadi na mboji. Yakikaa saa nyingi, au ukayakuta mpaka kesho, una mfinyanzi, na hapo tuta la kuinua halina mjadala. Sehemu kubwa ya maeneo ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari ni kichanga, lakini ukishuka kwenye mabonde ya mito kama Msimbazi unakutana na udongo mzito unaoshika jembe. Mtu wa Mbezi Beach anayeiga matuta ya rafiki yake wa bondeni anajichosha.

Kwa nini mfinyanzi unahitaji kuinuliwa? Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka kwenye vijitundu vyake, na mizizi inaanza kuoza mmea ukiwa bado umesimama. Ndiyo maana mwanzoni mkulima mgeni huona majani ya nyanya yamenyauka, akadhani ni kiu, akaongeza maji. Miche michanga nayo hushikwa na kinyausi: shina linakuwa jembamba na jeusi pale linapotoka ardhini, mche unalala, na kesho wamelala kumi. Kuna na mnyauko bakteria wa nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo, ambao hutembea na maji ya udongoni kutoka mmea hadi mmea. Tuta linalotoa maji haliuponyi ugonjwa huo, ila linaupunguzia safari.

Kazi yenyewe

Tuseme shimo limekupa jibu la mfinyanzi na masika inakuja. Anza wiki mbili tatu kabla ya mvua. Fyeka, ng'oa ndago na mizizi yake yote (atakayeikata ndago juu juu na kusema amepalilia atakutana nayo Jumapili ijayo), halafu chukua vigingi vinne, kamba na futikamba.

Upana wa tuta unapimwa kwa mkono wako. Chuchumaa kwenye njia unyooshe mkono. Pale vidole vinapofika bila wewe kuinama hadi kuanguka ndipo katikati ya tuta. Kwa watu wazima wengi ni sentimita 50 hadi 60, kwa hiyo tuta zima ni mita moja hadi mita 1.2. Ukizidisha, utalazimika kulikanyaga ili kuifikia mboga ya katikati, na udongo uliokanyagwa umeshapoteza nusu ya faida ya kutifuliwa. Urefu hauna sheria, lakini ukivuka mita kumi watoto na wageni hawatazunguka. Watalirukia, na kuna siku hawatafika ng'ambo. Njia iwe sentimita 40. Wapo wanaobana njia hadi upana wa unyayo ili wapate tuta la ziada, kisha keni ya kumwagilia inagonga nyanya kila wanapopita.

Sasa chimba. Tifua kwanza eneo lote la tuta kwa kina cha jembe zima, bila kugeuza udongo wa chini kuwa wa juu. Udongo wa chini ni mgumu, rangi yake imepauka au ni nyekundu zaidi, na hauna chakula; uulegeze palepale ulipo. Mwaga samadi iliyooza vizuri, kama debe moja kwa kila mita ya mraba, uichanganye kwenye sentimita 15 za juu. Halafu ingia kwenye njia. Udongo mweusi wa njia ni mali, na hakuna haja ya kuuacha ukanyagwe: uchote kwa beleshi uutupe juu ya tuta, kulia na kushoto. Hapo tuta linapanda na njia inashuka kwa wakati mmoja. Huhitaji kununua udongo wa toroli.

Pande za tuta zisisimame wima. Zilaze kidogo na uzipigepige kwa mgongo wa jembe hadi zishike. Uso wa juu usawazishe kwa reki, ukianzia katikati kwenda kingoni, mawe na mizizi ukivitoa. Wengi wanamalizia tuta likiwa na mgongo wa samaki, juu katikati na chini pembeni, na linapendeza macho. Mwagilia hilo tuta uone: maji yanateremka pembeni kabla hayajaingia, katikati kunabaki pakavu. Uso uwe bapa, na ukipenda acha kijikingo chembamba cha udongo kingoni, kimo cha kidole kimoja, kiyazuie maji ya keni yasikimbie.

Kuna ushauri wa kuelekeza matuta kaskazini kwenda kusini ili mboga zigawane jua. Katika nchi za mbali na ikweta una maana kubwa, kwa kuwa jua lao hukaa upande mmoja wa mbingu. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta; jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba, na katikati ya tarehe hizo linahama upande mmoja kwenda mwingine. Mwelekeo wa jua uache. Fuata mteremko. Mimea mirefu kama mahindi na bamia tu ndiyo uiweke mahali ambapo kivuli chake hakitaiangukia karoti mchana kutwa.

Ndani ya tuta, panda kwa kupishana: mche wa mstari wa pili ukae mkabala na nafasi iliyo kati ya miche miwili ya mstari wa kwanza. Kwa umbali uleule kati ya mche na mche, mpangilio huo unaingiza takribani asilimia 15 zaidi ya miche kuliko mistari ya miraba, na majani yakikutana yanaifunika ardhi yote, magugu yanakosa mwanga. Sukuma wiki inataka sentimita 45 hivi kati ya mche na mche, vitunguu sentimita kumi zinawatosha, karoti hupandwa kwa mistari na kupunguzwa hadi zibaki sentimita tano. Kupunguza karoti kunawauma watu. Wanaziona changa na nzuri, wanazihurumia, na mwisho wanavuna vidole vilivyosokotana.

Viazi, liki na udongo wa kupandishia

Kuna mboga ambazo tuta lake halijengwi siku moja. Kiazi mviringo ndicho mfano mkuu. Kiazi cha mbegu ukikizika, viazi vipya havioti chini yake. Vinaota kwenye vikonyo vinavyotoka ubavuni mwa shina, juu ya kile ulichokipanda. Maana yake ni kwamba ukipanda na kuondoka, viazi vinajikuta karibu na uso wa ardhi, mvua inavifunua, jua linavipiga, ngozi inakuwa ya kijani. Kijani hicho ni dalili ya sumu iitwayo solanini kuongezeka, na kiazi kinakuwa kichungu. Hakifai kuliwa, na kumenya ngozi tu hakutoshi kama kijani kimeingia ndani.

Kwa hiyo Njombe na Umalila mkulima hurudi shambani na jembe. Mimea ikifika sentimita 15 au 20, anavuta udongo kutoka kwenye mfereji ulio kati ya mistari na kuupandishia mashinani, akiacha majani ya juu tu nje. Baada ya wiki mbili tatu anarudia. Mistari huachwa sentimita 75 kati ya mmoja na mwingine, na watu wa mjini huiona nafasi hiyo kuwa ni kupoteza eneo, wakabana hadi 40. Inapofika zamu ya kupandishia, hakuna udongo wa kupandishia. Ile nafasi ndiyo ghala lenyewe. Tuta nene pia huvikinga viazi dhidi ya vimelea vya bakajani chelewa vinavyooshwa na mvua kutoka kwenye majani, na dhidi ya nondo wa viazi anayetafuta ufa wa kutagia.

Kwenye viazi vitamu, habari ya nyufa ni nzito zaidi. Marando hupandwa juu ya tuta lililolegea ili viazi vinenepe bila kupambana na ardhi, na vinaponenepa vinalipasua tuta kwa ndani. Kiangazi kikishika, nyufa zinapanuka. Fukusi wa viazi vitamu hawezi kuchimba ardhi ngumu, lakini ukimwachia ufa anashuka hadi kwenye kiazi, anataga, na ukivuna unakuta vitundu vyeusi na ladha chungu ambayo hata ng'ombe huisusa. Dawa ya nyumbani ni jembe: ukiona ufa, uzibe kwa udongo, na usiache viazi vilivyokomaa vikae ardhini kwa kuona kwamba huko ndiko ghala la bure.

Liki hupandishiwa udongo ili shina liwe jeupe na laini. Mahindi hupandishiwa ili ile mizizi inayotokea kwenye vifundo vya chini ipate pa kushika, upepo usiyalaze. Nyanya ikifukiwa shina hutoa mizizi mipya humohumo. Karoti ifunikwe mabega tu, yakitokeza yanakuwa ya kijani. Vitunguu viache. Kitunguu kinataka kikae nusu nje, kipate jua na hewa kikianza kujaa. Anayekifukia anakiozesha shingo. Na mpapai usiuwekee kichuguu cha udongo mbichi shinani kwa kudhani unaupenda.

Pale penye mteremko

Bustani nyingi za nyumbani zina mteremko hata kama macho hayauoni. Kanuni inajulikana: tuta likinge mteremko, lisiufuate. Tuta linaloteremka na kilima linageuza njia zake kuwa mifereji, na mvua moja nzito inatosha kuondoka na samadi ya msimu mzima. Kupima ni rahisi. Chukua fito mbili za urefu sawa, zifunge juu, weka fito ya tatu katikati ili upate umbo la herufi A. Pale juu ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha miguu yote miwili mahali palipo sawa, tia alama pale uzi unapoigusa fito ya kati. Kisha tembea nayo bustanini: mguu mmoja ukibaki, mwingine usogeze mbele hadi uzi urudi kwenye alama, gongomea kigingi, endelea. Mstari wa vigingi utapinda, na upinde; hapo ndipo tuta linapopita. Mwenye pimamaji ya fundi mwashi anaweza kuifunga kwenye ubao mrefu akapata jibu hilohilo.

Kanuni hii nzuri ina historia chungu katika nchi hii, na sioni sababu ya kuipita kimya. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni ilishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo ikaamua kuwafundisha watu wa milimani kulima. Usambara kulikuwa na mpango wa Mlalo kuanzia 1946, watu wakitakiwa kujenga matuta yaliyofungwa kwa vijikingo. Uluguru mpango ulianza 1950, na huko walitakiwa kuchonga ngazi kwenye miinuko mikali yenye udongo mwembamba. Kila ngazi iliyochongwa ilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuanika udongo wa chini usioota kitu. Watu waliona mavuno yanashuka, huku kazi inaongezeka, nyingi ikiwaangukia wanawake. Mwaka 1955 hasira zililipuka Matombo, hukohuko Uluguru, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Ulazima wa kuchonga ngazi ukaachwa. Kenya, Murang'a, wanawake walikuwa wameshaigomea kazi kama hiyo mwaka 1947 na 1948.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo wenyeji wa milima mingine walikuwa na matuta yao, ya zamani na yanayofanya kazi. Umatengo, wilayani Mbinga, wanaume hufyeka nyasi mvua zikielekea mwisho, wakazipanga chini kwa miraba kwenye mteremko. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Kinachobaki ni kilima kizima chenye mashimo ya upana wa mita moja na nusu hivi, kila shimo limezungukwa na kingo nne, na ndani ya kingo hizo nyasi zinaoza kuwa mbolea. Hiyo ndiyo ngoro. Maji ya mvua yanaingia shimoni, hayapati pa kukimbilia, na udongo unaomomonyoka kutoka ukingo mmoja unaangukia shimo la jirani yake. Maharage hupandwa juu ya kingo, msimu unaofuata mahindi. Ufipa nako nyasi huzikwa ndani ya vichuguu vya udongo wanavyoviita intumba, vikapandwa maharage, na msimu wa pili vinasambazwa ili kusiwa ulezi kwenye udongo ulioiva.

Maofisa wa miaka ya 1950 walikuwa sahihi kuhusu mmomonyoko. Walikosea kudhani kuwa umbo moja la tuta linafaa kila mlima, na kwa hilo ndugu zao wapo hadi leo, wakitoa maelekezo ya vipimo kwa nchi nzima bila kuuliza udongo wa mtu ukoje. Wamatengo na Wafipa hawakuanza na kipimo. Walianza na mteremko wao, nyasi zao na mvua zao.

Katika uwanja wa nyumbani huhitaji ngoro nzima. Unaweza kuazima wazo la nyasi: unapojenga tuta, laza majani makavu na magugu yasiyo na mbegu chini kabisa, kisha udongo juu yake. Unaweza pia kufunga njia za matuta kwa vijikingo kila baada ya mita mbili, kama walivyofanya Usukumani kwenye pamba, ili mvua haba inywee palepale. Masika ikizidi, unavibomoa vijikingo kwa teke moja la jembe.

Chumvi ya visima

Jambo moja zaidi kwa watu wa pwani, kwa kuwa vitabu vingi vya kilimo vimeandikwa na watu wenye maji matamu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ukimwagilia tuta kwa kujaza njia, maji yanapanda ndani ya udongo kuelekea juu, jua linayakausha, na chumvi inabaki kileleni. Baada ya miezi michache utaona unga mweupe umetanda juu ya tuta, na miche ya katikati imeungua kingo za majani. Kama ndiyo maji uliyonayo, panda mabegani mwa tuta, pale chini ya kilele, mwagilia kwa juu, na funika kwa matandazo ya nyasi kavu au makapi ya mpunga ili jua lisivute. Mvua za masika zitaosha chumvi, mradi tuta liwe na njia ya kuitolea. 

Makingo nayo yana doa lake. Maji yakisimama zaidi ya siku chache, mbu huyaona kabla yako. Ukishamwagilia asubuhi na jioni bado unajiona sura kwenye maji, ama umezidisha, ama hapo si mahali pa makingo.

Na tuta likiwa baya, nani hulipa gharama yake? Ukienda kwenye mashamba ya bondeni jijini alfajiri, utawakuta wachuuzi wa kike wamefika kununua mchicha. Hawanunui kwa fungu. Wananunua tuta zima likiwa bado limesimama, kisha wanang'oa wenyewe na kufunga mafungu ya kwenda kuuza. Mchuuzi hupita njiani polepole akiangalia. "Kaka, hapa katikati pamelala." "Mvua hiyo, mama." "Basi tulihesabu nusu." Mchicha hukaa wiki tatu hadi nne tu tangu kusiwa hadi kuvunwa, na katika muda huo mfupi tuta lililojaa maji mara mbili haliwezi kujikomboa. Bei inashuka hapohapo, mbele ya macho ya mwenye tuta, kabla jua halijatoka.

Kama una mfinyanzi, anza kazi Februari, udongo ukiwa bado unavunjika mkononi. Ukisubiri hadi ulowe utafinyanga matofali. Kama una kichanga, okoa mgongo wako na ununue samadi. Na mfereji wa mwisho wa bustani, ule unaotoa maji yote nje, uelekeze kwenye mtaro wa mtaa, usiuelekeze kwa jirani. Ukuta wake ukianguka, mchicha wako hautalipa.